Tumechoka kuuziwa puti kwa jina la 240Z

Jumamosi iliyopita rafiki yangu aliniomba nimsindikize kwenda kutazama Datsun 240Z, gari la michezo la zamani la Nissan, iliyokuwa inauzwa. Nyekundu, boneti nyeusi, taa kubwa za ziada mbele, rangi inang'aa kama imemwagiwa mafuta. Nilikuwa na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa ili isikwaruze. Nikaiweka juu ya mudigadi ya mbele, ikanata. Nikaishusha taratibu hadi nyuma ya gurudumu, ikateleza na kuanguka. Kizingiti cha mlango wa dereva, ikaanguka. Kona ile ya chini kati ya mlango na gurudumu la nyuma haikushika hata kidogo. Nikalala chini nikagonga kwa ukucha, na sauti haikuwa ya chuma, ilikuwa ya puti, ile pasti ya kujazia mabonde kabla ya kupaka rangi. Muuzaji akakasirika kabla sijasema neno: "Mzee, gari lina zaidi ya miaka hamsini, ulitaka nini?"

Nilitaka bati. Na tangu siku hiyo hasira haijanitoka, kwa sababu si gari la kwanza la namna hii kuliona na si gereji moja inayofanya hivi.

Kila anayeijua Z anajua inaoza wapi. Maji huingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, majani yakiziba njia ya kutokea maji hutafuta pengine pa kupita, yanashuka nyuma ya mudigadi na kukuta tope ambalo halijawahi kuoshwa. Hapo ndipo kizingiti kinapoanza kuliwa kutoka ndani. Asidi ya betri inakula kisahani kilicho chini yake. Sakafu inafuata, kisha ile mihimili miwili inayopita chini ya sakafu. Unapoona kijipele kimoja cha kutu juu ya rangi, ujue ndani kazi ilishaanza miaka mingi. Na gari hili halina chesisi ya peke yake kama pikapu. Bodi ndiyo chesisi. Kizingiti ndicho kinachozuia gari lisijikunje katikati. Anayejaza puti pale hajaficha doa, amemkabidhi mtu gari lililovunjika mgongo na kumwambia aende nalo Naivasha.

Linaniuma zaidi kwa sababu ni gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya magari ya East African Safari kwa 240Z, na nyuma yao, nafasi ya pili, 240Z nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews na kulitwaa kombe, ushindi wa kwanza kati ya mitano aliyoipata katika Safari. Wazee wetu walisimama kando ya barabara kuziona zikipita, tope hadi juu ya paa. Rangi hiyo nyekundu yenye boneti nyeusi inayopakwa leo kila kona ya dunia ilitokana na barabara zetu. Lile gari la 1971 Nissan wanalo hadi leo katika ghala lao la Zama, Japani, na mibonyeo iliyoipata huku bado inaonekana mwilini. Wana fedha za kuinyoosha yote kwa wiki moja. Wameiacha. Sisi ambao Safari ilipita mlangoni kwetu ndio tunaoizika chini ya puti na kuipuliza rangi ya ushindi.

Kazi yenyewe inawezekana, tena hapa hapa. Kuna mzee mmoja pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, ambaye nimekaa pembeni yake mara nyingi nikimtazama. Kabla hajagusa kizingiti kilichooza, anachomelea vyuma vya kushikilia ndani ya uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na kingine cha mshazari. Bila hivyo, ukikata kizingiti gari linashuka katikati, mlango haufungi tena, na hapo ndipo fundi mvivu huanza kuusaga mlango ili uingie. Kisha anakata. Hakati pale kutu inapoonekana kuishia, anaendelea mpaka afike kwenye bati linalong'aa pande zote mbili. Kiraka anakitengeneza kwa kadibodi kwanza, anakikata kwenye bati la unene ule ule, anakikunja juu ya bomba mpaka kipate mviringo, anakijaribu, anakitoa, anakipiga tupa ukingoni, anakijaribu tena. Kinakaa ukingo kwa ukingo na bati la zamani. Hakilazwi juu yake, kwa sababu bati mbili zikilaliana maji hukaa katikati na kutu inarudi.

Halafu inakuja sehemu inayowashinda wengi, nayo ni subira. Bati la Z ni jembamba mno. Ukilichomelea mfululizo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, joto linalivuta na mudigadi nzima inakuwa mawimbi. Mzee anatia doa moja, anaruka shubiri moja anatia jingine, anahamia upande wa pili, kisha anaweka mashine chini na kusubiri mpaka aweze kuligusa kwa mkono mtupu. Nimeona kijana akija kumhimiza amalize, mzee akamtuma chai. Madoa yakishakutana anasaga mshono kidogo kidogo, anaingiza kipande cha chuma upande wa ndani na kugonga nje kwa nyundo nyepesi. Kisha anafumba macho na kupitisha kiganja, kitambaa chembamba kikiwa katikati ya ngozi na bati, akitafuta mahali palipoinuka. Akimaliza, kizingiti kinakaa siku kadhaa kikiwa na praima ya epoksi tu, ile rangi ya chini inayozuia kutu, na ndani yake anapuliza nta ili unyevu usipate pa kushika.

Puti anatumia pia, nakubali. Ni mafundi wachache sana duniani wanaonyoosha bati la zamani mpaka likawa halihitaji puti kabisa. Lakini yake ni nyembamba, haizidi milimita 3, na inakuja juu ya bati zima lililokwisha kupata praima. Anayepaka puti juu ya tundu lililozibwa kwa wavu au gazeti anafanya kitu kingine. Puti hunyonya maji, inayashikilia palepale kwenye kutu, na baada ya mvua za masika mbili au tatu rangi inaanza kuvimba. Muuzaji wakati huo ameshabadilisha namba ya simu.

Na sisi wenye magari tuna sehemu yetu. Mteja anataka gari litoke wiki mbili kabla ya maonyesho, analipia rangi ya bei ghali kuliko kazi yote ya bati, kisha analalamika.

Sasa mnaopenda kubadilisha bodi, msidhani nimewasahau. Siwezi kusema kubadilisha Z ni dhambi, maana Nissan wenyewe walitoa 240ZG Japani ikiwa na pua ndefu na mudigadi za nyongeza zilizofungwa waziwazi juu ya mapaja ya gari. Inapendeza, hilo sitalikana. Ninachokataa ni kile kinachofanyika kwenye magurudumu ya nyuma. Ili kupachika zile mudigadi pana, watu wanakata tao la nje na la ndani. Hayo ni mabati mawili yaliyounganishwa, na kati yake kuna uwazi unaokwenda mpaka kwenye kizingiti. Ukishakata unapaswa kuyakunja na kuyachomelea tena yafunge. Nimechungulia magari ambayo uwazi huo umeachwa hivyo hivyo, ukapakwa silikoni na kufunikwa na faiba. Kila kokoto na kila tone la tope linaingia moja kwa moja ndani ya mwili. Kama bodi ilikuwa imeoza pale tangu awali, kata, funga vizuri, vaa mudigadi zako pana, nitakupigia makofi kwa moyo wote. Kama ilikuwa nzima, acha mkasi. Mudigadi za mbele hufunguliwa kwa spana, basi tafuta nyingine za kukata na zile za asili uzitunze.

Injini kubwa ya kisasa? Ni yako, inatolewa na kurudishwa. Boneti ya faiba? Vivyo hivyo.

Anayedhani ninazungumzia mapenzi tu bila fedha aangalie mnada wa mtandaoni uliofanyika Marekani Januari 2020. 240Z iliyotembea maili 21,000 na kitu ilinunuliwa kwa dola 310,000. Haikuwa na bodi pana wala rangi ya mashindano. Ilikuwa imebaki ilivyotoka kiwandani, ya kijani, na bati lake lilikuwa lake.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa mafundi na wanunuzi, na nitaendelea kuliomba. Kila gari linaloitwa limefufuliwa liwe na picha za bati tupu: sakafu, vizingiti vyote viwili, kisahani cha betri, matao ya nyuma, kabla praima haijagusa popote. Siku hizi kila fundi ana simu, hakuna kisingizio. Aliyefanya kazi safi atafurahi kuonyesha, na alipwe vizuri kwa kazi hiyo, maana saa zake ni nyingi kuliko za mpaka rangi. Muuzaji asiyekuwa na picha aruhusu sumaku, na sumaku ikianguka bei ianze kuhesabiwa kama ya gari linalosubiri kufanyiwa bodi nzima.