Aliyepona UVIKO-19 asirudishwe kwenye foleni ya kipimo

Kipimo cha PCR, kile cha kijiti cha puani kinachosomwa maabara, hakitofautishi kirusi kizima na mabaki ya kirusi. Kinatafuta kipande cha vinasaba tu. Kikikipata hukirudufu, viwili, vinne, vinane, mpaka mashine ikione. Ndiyo maana mtu aliyepona, ambaye juma la nne amesharudi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, na anabeba makreti bila kuhema, bado anaweza kupewa majibu ya chanya. Kwa wengi mabaki hayo huisha baada ya majuma machache. Kwa baadhi huendelea kuonekana hadi miezi mitatu, na hapo ndipo zilipotoka zile siku 90 zilizokuwa kwenye masharti ya kuingia Marekani wakati wa janga.

Msimamo wangu ni huu: msafiri mwenye karatasi inayoonyesha lini aligundulika kuwa na UVIKO-19, na barua ya daktari kwamba muda wa kujitenga umekwisha, asiagizwe PCR nyingine ndani ya siku 90. Kumpima tena hakumlindi yeyote. Kunampotezea tiketi, pesa na siku za kazi, na majibu hayaelezi kama anaambukiza.

Si maoni ya kubuni. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani liliacha kudai vipimo viwili vya hasi ndipo mgonjwa aruhusiwe kuchangamana na watu. Kigezo kikawa siku 10 tangu dalili zianze, pamoja na siku 3 zaidi bila dalili. Julai 2021 shirika hilohilo lilishauri kwamba aliyethibitika kuugua ndani ya miezi 6 iliyopita, na ambaye haambukizi tena, asidaiwe kipimo cha safari. Nchi nyingi zilisoma ushauri huo zikaendelea kudai karatasi ya hasi.

Kuna atakayesema haya yamepita. Kweli, Uingereza iliondoa masharti yake 18 Machi 2022, Marekani 12 Juni 2022, China ikaacha kudai kipimo kabla ya safari 30 Agosti 2023. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa tumeona homa ya Marburg ikizuka Kagera Machi 2023, na tena Biharamulo Januari 2025. Ugonjwa mwingine wa njia ya hewa kama UVIKO-19 ukitokea, masharti yatarudi kwa usiku mmoja, na yatanakiliwa kutoka kwenye mafaili ya 2021. Wakati wa kuyarekebisha ni sasa, kabla foleni haijaanza mipakani, kule Mutukula na Sirari.

Turudi maabara kidogo. Majibu ya PCR huwa na namba inayoitwa Ct, yaani mizunguko mingapi ya kurudufu ilihitajika kabla kirusi hakijaonekana. Kila mzunguko ni mara mbili. Sampuli iliyoonekana kwenye mzunguko wa 20 na ile iliyoonekana kwenye wa 35 zimepishana mizunguko 15, na tofauti ya vinasaba ni zaidi ya mara 32,000. Cheti cha safari hakionyeshi hilo. Zote mbili zimeandikwa neno moja, chanya. Msafiri akiomba Ct yake aionyeshe kwenye dawati la ndege haimsaidii pia, kwa sababu mashine hazifanani, na Ct ya juu yaweza kuwa mabaki ya ugonjwa unaoisha au dalili za ugonjwa unaoanza. Kinachotenganisha hayo mawili ni tarehe ya kipimo cha kwanza, basi. Karatasi hiyo ya kwanza ambayo watu huikunja na kuitupa ndiyo mali.

Usijaribu pia kupima na kupima hadi ipatikane hasi. Katika majuma ya mwisho majibu huyumba: leo hasi, keshokutwa chanya, kwa kuwa kijiti hakikugusa mahali pamoja puani au mabaki ni machache mno. Kipimo cha haraka cha antijeni kina busara zaidi hapo. Kinatafuta protini ya kirusi, kinahitaji kirusi kingi, na kwa aliyepona huwa hasi mapema zaidi ya PCR. Marekani ilikikubali, zipo nchi zilizokikataa. Kipimo cha kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, hakikukubaliwa na Marekani kama uthibitisho wa kupona, na bado watu walikilipia.

Wafanyabiashara wa mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya samaki, waendao China walibanwa kuliko wote. Kuanzia Novemba 2020 balozi za China katika nchi nyingi zilidai PCR pamoja na kipimo cha kingamwili za IgM, ambazo hubaki kwenye damu kwa majuma baada ya mtu kupona. Kwa hiyo mwili uliofanya kazi yake vizuri ukawa ndio sababu ya kuzuiliwa.

Na madereva wa malori. Mei 2020 Tanzania na Kenya zilikubaliana dereva apimwe nchini kwake na cheti chake kidumu siku 14. Kwa dereva aliyepona juzi hiyo ni zaidi ya mara sita ndani ya zile siku 90, kila mara akisubiri kuona kama mabaki yataonekana, huku minofu ya samaki iko kwenye barafu nyuma yake. Cheti cha kupona kingemaliza shida hiyo kwa karatasi moja. Afrika Mashariki haikuwa nacho. Umoja wa Ulaya ulikuwa nacho tangu 1 Julai 2021, kikianza kutumika siku ya 11 baada ya kipimo cha chanya na kuisha siku ya 180, kikiwa na msimbo wa QR wa kuskani kwa simu. Siku 10 za mwanzo kilikataa, na ni sawa kabisa, kwa sababu huo ndio muda wa kuambukiza.

Sasa saa. Mwanza ni mbali na ndege kubwa, na hilo linakula muda wa cheti, ambao kwa nchi nyingi ulikuwa saa 72. Sampuli ikichukuliwa hapa ikasafirishwa hadi maabara ya Dar es Salaam, saa zinahesabika tangu kijiti kilipotoka puani. Hazisubiri majibu yatoke. Sampuli yenyewe inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na isizidi siku 3 hapo. Ikipata joto njiani vinasaba huharibika, na mgonjwa wa kweli anaweza kupewa hasi. Ukipanda basi hapa stendi ya Nyegezi, Dar iko zaidi ya kilomita 1,100. Ndege ya ndani ikiahirishwa na tiketi ya ng'ambo ikiwa ya peke yake, saa 72 zinaishia uwanjani.

Kuna kosa moja dogo linalostahili kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa kwenye kila chumba cha sampuli: saa ya Kiswahili. Sampuli imechukuliwa Jumatatu saa nne asubuhi. Mhudumu anaandika 4:00. Mtu wa dawati huko ng'ambo anasoma alfajiri, saa kumi za usiku. Msafiri amenyang'anywa saa sita bila kujua. Cheti kilichopaswa kuisha Alhamisi 10:00 kinaonekana kimeisha 04:00, na ndege inayoondoka 06:00 inamwacha. Andika 10:00. Tarehe nayo iandikwe mwezi kwa maneno, 3 Aprili 2021, kwa kuwa 03/04/2021 Mmarekani anaisoma kama 4 Machi, na kwa mwenye cheti cha kupona hizo ni siku 30 zimeongezwa kwenye umri wa ugonjwa.

Marekani yenyewe haikuhesabu saa. Ilihesabu siku: tatu tangu Januari 2021, kisha moja tangu 6 Desemba 2021. Mwenye ndege ya Ijumaa mchana aliweza kupimwa Alhamisi saa yoyote. Waliojinyima usingizi kutafuta saa 24 kamili walihangaika bure, na kuna mawakala wa tiketi waliokuwa wakiwaambia hivyo.

Kwa aliyepona, Marekani ilitaka vitu viwili pamoja: majibu ya chanya yasiyozidi siku 90, na barua ya daktari mwenye leseni au ofisa wa afya ya umma. Barua iwe kwenye karatasi yenye jina la kituo, anwani na simu, itiwe saini na tarehe, na iseme kuwa mtu amemaliza kujitenga na anaweza kusafiri. Majibu yaonyeshe jina na tarehe ya kuzaliwa kama zilivyo kwenye pasipoti, aina ya kipimo, tarehe ya sampuli na maabara iliyotoa. Wengi wetu tuna majina matatu, na hospitali huandika mawili, tena lile tunaloitwa nyumbani. Jina la pasipoti likikosekana, barua nzuri kiasi gani haikusaidii.

Hospitali zetu, za mkoa na za kanda, zinaweza kuandaa fomu moja ya namna hiyo leo, ya Kiswahili na Kiingereza, bila kusubiri dharura. Ni nusu ukurasa. Na wewe uliyepimwa ukakutwa nayo, usiondoke dirishani kabla hujakagua jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya sampuli na mhuri. Piga picha, ujitumie kwa baruapepe, karatasi yenyewe iweke ndani ya pasipoti. Zikipita siku 10 tangu dalili zianze, na siku 3 zaidi bila dalili, rudi kwa daktari uombe barua.