Dagaa wa Kigoma hawamalizwi na nyavu peke yake

Kwenye meza za dagaa katika soko la Majengo, hapa Dodoma, dagaa wa Mwanza na wa Kigoma hupangwa bega kwa bega. Mnunuzi hulinganisha bei na mchanga. Maji walikotoka yanatofautiana zaidi ya hapo: Ziwa Victoria limezidiwa na rutuba, Tanganyika ni fukara wa rutuba. Kwa hiyo joto lile lile linalolitia Victoria ukijani, Tanganyika hulitia njaa.

Hoja hii haisikiki sana. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, mazungumzo yalikuwa ya uvuvi uliokithiri: mitumbwi mingi, taa nyingi, makokoro. Ni sababu ya kweli. Kokoro likipita maji ya kina kifupi, wanakokulia dagaa wachanga, linazoa mavuno ya mwakani pamoja na ya leo. Na dagaa huishi takribani mwaka mmoja na huzaa mapema, kwa hiyo wakipumzishwa hurudi upesi. Mwaka 2006 wapo watafiti walioandika kwamba takwimu za mavuno ya ziwa hilo zinafuata mabadiliko ya uvuvi kuliko tabianchi. Tena nyavu ndizo serikali inazoweza kuzikamata. Jua halipigwi faini.

Upande wa pili, wa joto, huharibikiwa tangu unapoelezwa. Mtu akisikia maji yanapata joto hudhani planktoni, vijiumbe vinavyoelea majini, wanaungua. La. Nyuzi moja ya joto haiwaui, na penye rutuba huwaongezea kasi ya kukua. Tatizo la Tanganyika ni uzito wa maji: ya joto ni mepesi na hukaa juu ya yale ya baridi. Kila kiumbe kinachokufa huzama na fosforasi yake, naitrojeni yake na silika yake. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, na kuanzia kati ya mita 100 na 200 kwenda chini hakuna oksijeni. Rutuba imejaa huko gizani, na planktoni mimea, wanaohitaji mwanga, wako juu. Kihenge kimejaa, mlango umefungwa. Anayeufungua ni upepo wa kusini-mashariki, kuanzia Mei hadi Septemba: husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na ya chini, ya baridi, yakapanda upande wa kusini.

Sasa tazama hesabu, maana hapa ndipo wengi hupapita haraka. Maji yakitoka nyuzi 5 kufika 6, kila mita ya ujazo hupungua uzito wa gramu 24 hivi. Yakitoka 25 kufika 26, ndiko Tanganyika iliko, hupungua gramu 260. Zaidi ya mara kumi, kwa nyuzi ile ile moja! Aliyezoea ripoti za maziwa ya nchi za baridi akisoma "nusu nyuzi" huona kidogo. Lakini tofauti yote ya joto kati ya uso wa Tanganyika na kilindi chake ni kama nyuzi tatu tu. Uso ukiongezewa nusu nyuzi, upepo uleule hauna tena nguvu ya kuyachanganya maji kama zamani.

Wa kwanza kuumia ni diatomu, aina ya planktoni mimea. Wana maganda ya silika, ni wazito, na maji yakitulia huzama. Wanaobaki ni sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea, wadogo mno, ambao kopepodi, vijidudu vya majini vilivyo chakula kikuu cha dagaa, hawawezi kuwala vizuri. Wadogo hao huliwa kwanza na viumbe vya chembe moja, kisha kopepodi huvila viumbe hivyo, na kila ngazi hupoteza sehemu kubwa ya chakula. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa na uhai mwingi kiasi na dagaa wakawa wachache. Utafiti wa 2003 uliosoma kaboni kwenye tope la ziwa ulikadiria uzalishaji wa planktoni umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine walisoma mabaki ya samaki kwenye tope na kukuta kupungua kulianza karne ya 19, wakati uvuvi mkubwa wa kibiashara ulishika kasi miaka ya 1950. Ushahidi huo nyavu haziwezi kuujibu.

Pingamizi moja dhidi ya hoja hii ya joto lina uzito, baharini na ziwani. Planktoni wakikaa kwenye tabaka jembamba lenye mwanga mkali hupunguza klorofili, rangi yao ya kijani, ndani ya seli zao. Setelaiti huona ukijani umepungua ilhali seli ni zile zile. Anayetegemea picha za rangi peke yake, iwe Tanganyika au Bahari ya Hindi, anaweza kuzidisha hasara.

Marufuku naiunga mkono. Ninachohofia ni namna itakavyopimwa, kwa sababu miezi ya kufunga ndiyo miezi ya upepo. Dagaa wakiongezeka baada ya Agosti, tutajuaje kama ni kazi ya marufuku au ya maji yaliyochanganyika? Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko Mtumba, hapa Dodoma, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina kituo Kigoma, na kinachohitajika si kikubwa: kamba ya vipimajoto kwenye mita 10, 30, 50, 75, 100 na 150, moja Kigoma na nyingine kusini, Kasanga, zikirekodi kila saa mwaka mzima. Pamoja nazo, wavu wa planktoni wa matundu ya maikromita 100 (moja ya kumi ya milimita), uvutwe wima kutoka mita 100, nusu mita kwa sekunde; ukivutwa kwa pupa husukuma maji pembeni badala ya kuyachuja. Wadogo hupenya wavu huo, kwa hiyo maji ya chupa yachujwe kando na seli zihesabiwe, isipimwe klorofili tu. Na kopepodi wavuliwe usiku, kwa sababu mchana hushuka kilindini, na sampuli ya saa sita mchana inaweza kuonyesha ziwa kama tupu hata katika mwaka wa neema.