Siku Niliyokuwa Mmakonde

Nilipopangiwa kazi Newala, rafiki zangu wa Dar walinipa pole kama nimefiwa. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Kodi ya chumba na sebule kule ni sawa na chumba kimoja Manzese, tena chenye choo mnachogombea watu kumi na mmoja. Foleni hamna. Jioni unavaa ndala zako unakwenda Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla, unaliangalia bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, na hulipi hata senti.

Hiyo bure ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa Jumapili, Novemba, mabibo yametapakaa chini ya mikorosho. Kijana mmoja shambani akaniambia kula kaka, ila korosho uziache, ni za mwenyewe. Nikala matano, maji yanachuruzika kwenye shati jeupe. (Doa la bibo halitoki. Sasa najua.) Lakini macho hayakubanduka kwenye korosho. Dar nainunua kwenye kifuko, nazila moja moja kama dawa. Hapa imening'inia kwenye bibo, inanitazama. Kijana alipogeuka, nikaitia kwenye magego na kuibana kama nafungua soda.

Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi. Ndiyo maana wenyeji huzichoma kwanza, zinawaka moto na moshi wa kukimbiwa, ndipo wanabangua. Elimu hiyo niliipata nusu dakika baadaye, kwa njia ya mdomo.

Nilifika nyumbani nimeshikilia uso. "Shikanoo."

Bibi mwenye nyumba akanimulika tochi. "Njukuu wangu, korosho ya nani hiyo?" Akacheka mpaka akakaa chini, mafuta ya nazi yakaja baadaye.

Asubuhi midomo ilikuwa imeumuka kama maandazi yaliyozidiwa hamira. Na ndiyo siku ya kuripoti! Nikavaa barakoa, nikapanga kusingizia mafua. Kikaoni nikaambiwa nijitambulishe. Naitwa Musa, lakini jaribu wewe kuitamka "m" wakati midomo haikutani.

"Naitwa Nusa. Ninefurahi sana kuhania nkoa wa Ntwara."

Kimya. Nikajua nimeonekana naikejeli lafudhi yao ya Kimakonde, kazi imeisha kabla ya chai. Kumbe! Dereva mmoja mzee akainuka, akapiga makofi. "Nwenzetu huyu!" Ukumbi mzima ukalipuka. Akanijia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akamwaga Kimakonde cha dakika nzima. Nikatikisa kichwa kila aliposhusha pumzi. Sijui nilikubali nini, huenda nilioa.

Mchana nikatengewa kiti cha heshima. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ikaletwa, kisha bakuli lenye mfuniko. "Samaki nchanga," nikaambiwa, na nikafurahi, maana samaki ni laini. Nikafunua. Samaki alikuwa na miguu minne na mkia mrefu wa panya.

Wote wananisubiri mwenyeji nianze. Ikabidi barakoa ivuliwe.

Mzee akaitazama midomo yangu, taratibu, wa juu halafu wa chini.

"Huyu si Nmakonde," akatangaza. "Nmakonde gani anatafuna korosho na ganda lake?"

Akalivuta bakuli upande wake.