Stelingi Kashinda: Tuinuke au Tusubiri Majina?

Ukumbi mmoja wa sinema Dar es Salaam, onyesho la mwisho la usiku. Stelingi kamaliza kazi, adui mkuu kalala chini, muziki umepanda. Kabla hata jina la mwongozaji halijatoka, safu tatu za nyuma zilikuwa zimeshafika mlangoni. Tulibaki kama watu kumi. Pale mlangoni alisimama dada mwenye fagio na mfuko mweusi wa takataka, akitungoja. Mimi nasoma majina, yeye anasoma saa kwenye simu yake.

Mimi ni wa kubaki, tangu zamani. Na kusema kweli, wanaotoka mapema huwa nawahukumu kimoyomoyo: umekula wali, hata "ahsante" hutamki? Yule dada ndiye aliyenifanya nilipime upya jambo hili.

Majina hayakuwa mwishoni siku zote. Filamu za zamani za Hollywood ziliyaweka mwanzoni, machache tu, na mwisho likatokea neno la kwamba picha imekwisha, taa zikawaka. Mafundi wengi walikuwa waajiriwa wa kudumu wa studio na hakuna aliyeona haja ya kuwataja. Mfumo ule ulipovunjika, kila filamu ikawa kama shughuli ya harusi: watu wanakusanywa, wanapika, wanatawanyika. Hapo jina kwenye orodha likawa ndiyo cheti cha kuombea kazi inayofuata, na vyama vya wafanyakazi vikalipigania kwenye mikataba. George Lucas alipoyahamishia majina mwishoni katika Star Wars ya 1977, akarudia hivyo hivyo kwenye ile ya 1980, chama cha waongozaji kilimtoza faini. Alilipa, kisha akajitoa uanachama.

Waingereza nao walikuwa na sababu yao ya kukimbilia mlangoni. Kwa miaka mingi wimbo wa taifa ulipigwa mwisho wa onyesho, na ukikukuta ndani ni lazima usimame wima, basi watu wakawa wanachomoka mapema. Kenya wimbo ulipigwa kabla ya filamu. Mtu keshalipa kiingilio, atatorokea wapi?

Hoja ya kubaki inayonigusa zaidi inatokana na mpangilio wenyewe wa orodha. Wanatangulia wakubwa, zinafuata idara moja baada ya nyingine, halafu jeshi zima la watu wa kompyuta. Vikosi vilivyoajiriwa katika nchi ambako picha ilikwenda kupigwa mara nyingi husukumwa huko chini, karibu na nyimbo na shukrani. The Constant Gardener ya 2005 ilipigwa kwa sehemu Kibera na Loiyangalani, kule Kenya. Filamu za namna hiyo haziendi bila madereva, wapishi, walinzi na wasaidizi wa hapa hapa. Kwa hiyo mtazamaji wetu anayeinuka mapema anawaheshimu wakubwa bila kutaka, maana wao wameshapita, na anawageuzia kisogo hasa watu wa kwao.

Wala tusijidanganye kwamba kujitaja mwishoni ni desturi ya wageni. Tenzi zetu zina jambo hilo hilo. Mwana Kupona, baada ya kumwusia binti yake yote aliyotaka kumwusia, katika beti za mwisho anataja jina lake, anasema kazaliwa Pate, anaweka na tarehe, mwaka 1275 wa Hijria, na kumwomba Mungu msamaha. Msomaji anayefunga kitabu kabla ya hapo kapata wasia, lakini hakujua ni wa nani.

Hata hivyo, Mwana Kupona alikuwa mmoja. Filamu kubwa ya leo inaorodhesha watu kwa maelfu, majina yanapanda kwa kasi ambayo hata karani wa benki hawezi kuifuata. Anayesema anayasoma yote anakudanganya. Mimi mwenyewe husoma moja katika kumi. Mkataba umetimizwa, na mkataba haukuniuliza mimi mtazamaji kama naona kitu. Isitoshe, wafanyakazi wa picha za kompyuta wamekuwa wakilalamika kwamba baadhi yao huachwa nje ya orodha hizo. Heshima yangu, basi, inakwenda kwa nani?

Tena kuna wengine wasiotokea kwenye orodha yoyote. Kizazi changu kilielewa sinema za Marekani, India na Hong Kong kwa kinywa cha mtafsiri. Kwenye kibanda umiza, Lufufu alijulikana kuliko mwongozaji yeyote wa Hollywood, kama DJ Afro kule Kenya. Picha ikiisha, mwenye kibanda anachomoa kanda na kutia nyingine, majina hayaonekani hata kidogo. Hatukuona kwamba tumemkosea mtu. Na yule aliyetufanya tuielewe picha, hata tungesubiri mpaka asubuhi, jina lake lisingetokea.

Siku hizi kuna wanaobaki kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 2008 Iron Man iliweka kipande kifupi baada ya majina, mhusika Nick Fury akatokea, na tangu hapo filamu za Marvel zimewafundisha watu kukaa vitini. Mwaka 2019 Avengers: Endgame ikafika mwisho bila kipande chochote, isipokuwa sauti ya nyundo ikigonga chuma. Hiyo nayo inatajwa kama ushahidi kwamba majina yamepata watazamaji. Sikubali. Tazama ukumbi wakati huo: kila uso unang'aa kwa mwanga wa simu. Samaki anayezunguka chambo hajaja kumsalimia mvuvi.

Nilipowahi kuona majina yakisomwa kweli kweli ni sebuleni. Filamu moja ya Kibongo ilipigwa mtaani kwetu, kwenye nyumba ya mama mmoja tuliyemzoea, na mwishoni kulikuwa na ile orodha ya shukrani wanayoipenda watengenezaji wetu: mwenye gari, saluni iliyosuka nywele, hoteli, mwenye nyumba. Jina la yule mama lilipopita, sebule nzima ililipuka. CD ikarudishwa nyuma mara tatu. Hadithi yenyewe sikumbuki hata ilihusu nini, nadhani kulikuwa na mchawi.

Kwa hiyo sidhani kwamba wanaotoka hawana adabu. Jina linamshika anayemjua mwenyewe, na wengi wetu hatumjui yeyote pale juu. Nitaendelea kubaki, kwa sababu ya wale wa chini kabisa, na kwa sababu nyumbani si rahisi tena: majukwaa mengi ya intaneti yanaibana orodha kwenye kona na kuanza kuhesabu sekunde za kitu kinachofuata. Ukumbini ndiko inakopita nzima. Lakini onyesho la mwisho la usiku lina hesabu yake. Dakika kumi ninazowapa mafundi wa kompyuta wa Vancouver, kule Kanada, nazitoa kwenye mfuko wa mtu mwingine, aliyesimama mlangoni.

Usiku ule orodha ilipokwisha niliokota kopo langu la bisi, nikamtaka radhi yule dada kwa kumchelewesha.

"Kulikuwa na kipande kingine?" akaniuliza.

"Hapana, majina tu."

Akachukua kopo mkononi mwangu, akalitupia kwenye mfuko. "Siku nyingine njoo ya saa nane mchana, kaka. Saa hizo hata ukisoma yote, daladala zipo."