Injini Ndogo Isiyokaza Mvuke: Tubane Nozeli au Tuunde Dohani Upya?

Injini ndogo ya mvuke inayovuta watu kwenye reli yenye upana wa milimita 127 ina maradhi yanayojulikana na kila aliyewahi kuiendesha. Ikisimama inawaka vizuri, inaondoka na mvuke tele, kisha baada ya mizunguko michache mshale wa geji unaanza kushuka ilhali makaa yangali mengi. Tiba zinazopendekezwa ni mbili. Wapo wanaosema nozeli, yaani mdomo unaotoa mvuke uliokwisha kufanya kazi ndani ya silinda, ibanwe ili mvuke upande dohani kwa kasi na kuvuta hewa zaidi motoni. Wengine wanasema mdomo mmoja ni mpango uliopitwa na wakati, na kwamba dohani nzima iundwe upya ili ihudumiwe na nozeli kadhaa. Kwa maoni yangu wa kwanza wanakopa, wa pili wananunua mapema mno, na kazi inayopaswa kuwatangulia wote huachwa kwa sababu haina fahari.

Hoja ya kubana ina nguvu moja kubwa, nayo ni gharama. Fundi wa Kariobangi, mtaa wa Nairobi, mwenye mashine ya kukereza anaweza kutoa nozeli mpya ya shaba ukiwa umesimama hapo hapo, na matokeo yake husikika siku hiyo hiyo, kwa kuwa mlio wa dohani unakuwa mkali na moto unageuka mweupe. Tatizo liko kwenye hesabu. Kanuni ya zamani ya wajenzi wa mifano hutaka kipenyo cha nozeli kiwe sehemu moja ya saba ya kipenyo cha silinda, hivyo silinda ya milimita 38 hupata nozeli ya milimita 5.4. Ukiibana hadi milimita 4.8, eneo la mdomo linapungua kwa takriban asilimia 20, na ili mvuke ule ule upite, kasi yake hupanda kwa zaidi ya robo, na shinikizo linalorudi nyuma kuzuia pistoni huongezeka kwa karibu asilimia 60. Injini sasa inatumia mvuke zaidi kwa kazi ile ile, mvuke huo wa ziada unachochea moto zaidi, na anayetazama geji peke yake huamini kwamba amepona.

Hapa Nairobi kuna gharama nyingine juu ya hiyo. Wengi wetu tunachoma makaa ya miti, kwa kuwa makaa ya mawe yanayofaa boila ndogo hayapatikani kirahisi, na makaa ya miti ni mepesi. Aliyewahi kupepea jiko kwa pupa anajua cheche zinakoishia. Mpigo mkali wa mvuke hunyanyua vipande vidogo kutoka kwenye wavu, huvipitisha kwenye mirija ya boila inayopeleka moshi dohani vikiwa bado vinawaka, na kuwamwagia abiria walioketi nyuma makaa waliyoyalipia wao wenyewe. Kubana kunafaa pale tu ambapo vipimo vinaonyesha kwamba nozeli ilitobolewa kupita kiasi tangu mwanzo.

Upande wa nozeli nyingi una historia ya heshima. Mfaransa André Chapelon aliendeleza kazi ya Mfini Kylälä, na mfumo wao uliojulikana kama Kylchap ndio uliofungwa kwenye injini ya Uingereza iitwayo Mallard, ambayo tarehe 3 Julai 1938 ilifikia maili 126 kwa saa. Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria aliunda dohani nyembamba iliyobapwa, yenye nozeli ndogo zilizopangwa kwa mstari, na Reli za Afrika Mashariki zilikuwa miongoni mwa zilizoifunga kwenye injini zao. Luis Dante Porta wa Argentina alikuja na mfumo wa Lempor. Msingi wa mifumo hii ni jiometria nyepesi: mdomo wa milimita 5.4 ukigawanywa kuwa midomo minne ya milimita 2.7, eneo linabaki lile lile lakini mzingo wa jumla unakuwa mara mbili. Moshi huvutwa kwa kugusana na kingo za mvuke, kwa hiyo kazi ya uvutaji inaongezeka bila pistoni kutozwa chochote.

Hoja hiyo ni ya kweli, na kwa injini inayovuta mzigo mzito kwa muda mrefu ningeiunga mkono. Hata hivyo, mfano unaoletwa mara nyingi, wa Garratt, injini kubwa za Reli za Afrika Mashariki zilizopita hapa, unahitaji tahadhari. Injini hizo zilichoma mafuta mazito, hivyo hazikuwa na tabaka la makaa la kunyanyuliwa, na ukubwa wao uliruhusu nozeli zisizozibika ovyo. Ukiigawa nozeli yetu kuwa saba kwa mtindo wa Giesl, kila tundu linabaki na milimita 2 tu, na mafuta ya kulainisha silinda yakiungua hapo huacha ukoko unaoweza kuziba tundu moja na kuupinda mvuto wote. Kuna pia ushahidi wa upande wa pili ambao mashabiki wa dohani mpya huupitia haraka. Injini za daraja la Manor za Uingereza zilikuwa na mvuke hafifu hadi Sam Ell, mhandisi wa karakana ya reli ya Swindon, alipozifanyia majaribio mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alirekebisha vipimo vya nozeli na dohani za kawaida, na uzalishaji wa mvuke ukapanda karibu maradufu.

Hapo ndipo kazi isiyo na fahari inapoingia. Sanduku la moshi, yaani chumba cha mbele ya boila kilicho chini ya dohani, lazima lisivuje, kwa maana kila hewa inayoingia kwa mlango wake au kwa matundu ya mabomba ya chini ni hewa ambayo haikupita motoni. Mshumaa ukizungushwa kwenye ukingo wa mlango huku kipulizo, yaani bomba linalopuliza mvuke wa boila dohani injini ikiwa imesimama, kikifanya kazi, mwali wake utajipinda kuelekea palipo na ufa. Kisha nozeli iwe katikati kabisa ya dohani, jambo linalopimwa kwa fimbo iliyonyooka inayokaa ndani ya nozeli na kutokeza juu. Mistari inayopanuka kutoka kwenye nozeli kwa uwiano wa 1 kwa 6 iguse dohani pale ilipo nyembamba zaidi, na ile ya 1 kwa 3 iguse mdomo wake wa chini.

Baada ya hapo mrija wa plastiki uliopindwa kwa umbo la U na kutiwa maji hupima mvuto wa hewa na kutoa hukumu kwa gharama ndogo. Mvuto ukiwa mkubwa kwenye sanduku la moshi na mdogo juu ya moto, mirija imejaa masizi. Ukiwa mkubwa kote kuwili, hewa inazuiwa chini, kwenye wavu au kwenye kisanduku cha majivu. Ukiwa mdogo kote kuwili, na uvujaji umekwisha kuzibwa, hapo tu ndipo nozeli au dohani inastahili kulaumiwa.

Kisingizio cha mwinuko nacho kipimwe. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo moto unahitaji mvuto mkubwa zaidi ili upate uzito ule ule wa hewa. Lakini mvuke unaotoka kwenye nozeli nao hutanuka zaidi na kwenda kasi zaidi kwa kadiri iyo hiyo, na injini inayotembea hujifidia kwa sehemu kubwa, ingawa pistoni ndiyo inayolipa. Kipulizo hakina fidia hiyo, kwa kuwa kinategemea shinikizo la boila, na ndiyo sababu feni ya umeme juu ya dohani wakati wa kuwasha moto ina maana zaidi huku kuliko Pwani. Atakayeamua kujaribu vipimo vipya aifunge nozeli kwa hesi badala ya kuichomelea, ili aweze kurudisha ile ya milimita 5.4 mirija itakapothibitika kuwa ndiyo yenye kosa.