Bendera, kibao au taa: mshika bendera wa milimani apewe nini?

Matengenezo ya barabara yakibana magari kwenye njia moja, mara nyingi kijana hupewa bendera mbili, nyekundu na kijani, basi. Wapo wanaotaka bendera zifutwe na kila kituo kipate taa za mkononi. Kwa miteremko kama Kitonga na Mlima Nyoka, pande zote mbili zina hoja, ila zinajadili kifaa kabla ya umbali ambao gari linahitaji ili kusimama.

Lori lenye mzigo likiteremka kwa kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde 2.5 kuona, kuamua na kukanyaga, mita 35 zimekwisha kabla breki hazijashika. Lami ikiwa imelowa, ongeza mita 40 au zaidi, na hapo breki ni nzima. Zikishapata moto, hesabu hiyo haina maana.

Bendera ina faida zake: ni rahisi, haihitaji betri, na mwendo wake unavuta jicho la dereva aliye juu kwenye kabini. Lakini kitambaa kikilowa manyunyu hujizungusha kwenye mti wake wa kushikia na kubaki kama tambara. Jua nalo huififisha nyekundu ikawa waridi, na jioni ile ya kijani haitofautiki na majani ya kando ya barabara. Isiwe chini ya sentimita 60 kwa 60, na ncha ya chini iongezwe uzito ili isijikunje.

Kibao cha SIMAMA na PITA ndicho ninachokitetea kwa mchana. Hakimwachi dereva akisie maana ya mkono uliochoka. Kikiwa na mti mrefu unaofika chini, mshikaji hupumzika bila kukishusha. Nyuso zake mbili zina akili pia: waliosimamishwa wakiona SIMAMA, wanaotoka eneo la kazi huona PITA kwa nyuma. Udhaifu wake ni upepo, ambao hukigeuza ghafla. Mkono usitoke kwenye mti hata foleni ikiwa imesimama.

Usiku, na kwenye ukungu wa Isyonje kuelekea Tukuyu, kibao hakitoshi hata kikiwa na karatasi ya kuakisi, kwa sababu ukungu hurudisha mwanga wa taa za gari machoni mwa dereva. Taa nyekundu ya mkononi inatoa mwanga wake yenyewe. Iwake mfululizo, ikimemeta ni vigumu kukadiria iko mbali kiasi gani. Betri za kawaida hupoteza nguvu kwenye baridi ya Juni na Julai, kwa hiyo za akiba zikae mfukoni, karibu na mwili. Hata hivyo, ukungu ukiacha mita 50 tu za kuona, lori la hesabu ya juu halitasimama kwa taa yoyote. Linahitaji vibao vya onyo vilivyotangulia na mshikaji mwingine juu zaidi.

Kona ikiwaficha washikaji wawili wasionane, wapewe redio. Ikikosekana, dereva wa gari la mwisho akabidhiwe kijiti akipeleke upande wa pili. Bila kijiti mkononi, hakuna kugeuza kibao. Foleni ya wanaopanda isimamishwe penye tambarare, kwa kuwa lori likiondoka mlimani hurudi nyuma kidogo kabla ya kushika gia, na nyuma yake kuna bajaji.