Posti ya Baada ya Pesa Kuingia

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, mimi nikiwa mezani napima iliki kwenye vifuko vya gramu 50. "Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu, eti yale madawati yalifika?" Aliyeandika ni kijana ninayemjua kwa jina tu. Alitoa shilingi 5,000 kwenye kundi letu la WhatsApp, tulipokuwa tunachangia madawati ya shule ya msingi iliyo jirani na kwetu hapa Tanga.

Madawati yalikuwa yameshafika. Yote 40, wiki 6 nyuma, na watoto walikuwa wanayakalia. Kamati tulikwenda kuyakabidhi, tukapiga makofi, mwalimu mkuu akatushukuru, tukanywa soda, tukarudi nyumbani. Katika watu 7 wa kamati, hakuna aliyekumbuka kuwaambia waliotoa pesa.

Nililiona jambo lile kuwa ni deni, na mpaka leo naliona hivyo. Wakati wa kuomba tuliandika kila siku kwa mwezi mzima: asubuhi orodha, mchana kumbusho, jioni "tumebakiza kidogo tu ndugu zangu". Pesa ilipotimia, kimya. Mtu aliyejinyima elfu tano yake ikabidi aulize, tena kwa kuomba samahani.

Mimi naishi kwa mitandao. Nauza viungo vya kutoka milima ya Usambara, upande wa Amani na Muheza: iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Wateja wangu wengi wako Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, na wengi wao hatujawahi kuonana. Wananiona Instagram, wananilipa kwa simu, nawapakilia mzigo kwenye basi. Miaka hiyo hiyo nimekuwa mweka hazina wa vikundi vya kuchangia hiki na kile. Nimekaa pande zote mbili, na ninachokiona ni kwamba anayeuza na anayeomba mchango mtandaoni wanakula sahani moja. Wote wawili wanaomba mtu atoe pesa kwanza, aone kitu baadaye. Imani ya namna hiyo hujengwa na kile unachofanya ukishaipata hiyo pesa.

Nianze na biashara. Dukani mteja hushika kitambaa, hunusa karafuu, huuma punje moja ya pilipili manga, kisha ndiyo mnaanza kupatana. Mtandaoni hana cha kunusa. Ana picha, ana bei na ana neno lako. Halafu sisi wauzaji tunamnyima hata hiyo bei! Anauliza hadharani, "bei gani?", anajibiwa "njoo inboksi". Nimeshawaambia wenzangu mara nyingi kwamba jibu hilo linafukuza watu. Mteja akiambiwa aingie chemba ili atajiwe bei, anahisi unataka kwanza kupima mfuko wake. Mimi bei naiandika juu ya picha, pamoja na gharama ya kutuma mkoani, na sijawahi kujuta.

Lakini kazi kubwa inaanza baada ya muamala kusoma. Nikishafunga mzigo naupiga picha ukiwa na jina la mwenyewe juu ya boksi. Nikifika stendi, napiga picha risiti ya mzigo, namtumia na namba ya ofisi ya basi kule utakakoshukia, na saa ambayo basi linategemewa kufika. Jioni nauliza: umepokea? Ni dakika chache kwa kila mteja. Na picha hizo ndizo watu wanazoweka kwenye stetasi zao bila mimi kuwaomba: "mzigo wangu wa Tanga huu hapa, biriani la Ijumaa limepata mwenyewe." Nimewahi kulipia matangazo Instagram. Wafuasi waliongezeka, sikatai, ila wanaonunua na kurudi kununua tena nikiwauliza wamenijuaje, wengi hunitajia shangazi, dada wa kazini, mama wa jirani. Waliona stetasi ya mtu wanayemwamini.

Msimu mmoja wa masika nilipokea iliki ambayo haikukauka vizuri. Nikaifunga, nikaituma, na baada ya wiki mbili wateja 3 wakaniambia ina ukungu. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Ningeweza kuwarudishia pesa wale 3 faraghani, basi. Nilifungua daftari nikakuta mzigo ule ulikwenda kwa watu 11. Nikaandika kwenye ukurasa wangu kilichotokea, nikapiga picha punje zenyewe zilivyo na utando mweupe, nikawarudishia wote 11. Hasara ile niliisikia mpaka kwenye ada ya mtoto. Katika wale 11, mmoja tu ndiye aliyeniacha.

Sasa upande wa michango. Watu wa pwani na bara tumechangiana tangu zamani: msiba, harusi, mgonjwa, mahari. Mitandao imeongeza masikio tu, na pesa za simu zimefupisha njia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na kufikia Julai 2011, ukame ulipobana kaskazini mwa nchi hiyo, Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na kampuni kubwa na vyombo vya habari waliitisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya kwa wiki 4, na lilivukwa. Mtu alichanga akiwa ndani ya matatu, bila kusubiri mgeni rasmi wala kusimamishwa kwenye jukwaa la harambee.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa 2024. Baada ya maandamano ya Juni nchini Kenya ya kupinga Muswada wa Fedha, Hanifa Adan, mwanahabari na mwanaharakati, aliitisha mchango mtandaoni kwa ajili ya waliojeruhiwa na familia za waliouawa. Zilipatikana zaidi ya shilingi milioni 30 za Kenya. Kisha akarudi kwenye uwanja ule ule alioombea, akaeleza mbele ya kila mtu pesa zimekwendaje. Wapo waliomhoji kwa ukali, na ni haki yao, pesa ya umma lazima iulizwe. Yeye alikuwa na cha kuwajibu.

Hata ule mchezo wa mtandaoni wa mwaka 2014, wa kujimwagia ndoo ya maji ya barafu ili kuchangisha pesa, una funzo la aina hiyo. Chama cha ALS cha Marekani, kinachoshughulikia ugonjwa unaodhoofisha misuli mpaka mtu anashindwa kupumua, kilipata dola milioni 115. Wengi tunakumbuka video za watu wakipiga kelele za baridi. Wachache wanajua kwamba chama kilitoa hesabu ya mgawanyo wa pesa zile, sehemu kubwa ikienda kwenye utafiti, na kwamba mwaka 2016 watafiti waliosaidiwa na pesa hizo walitangaza kuitambua jeni moja inayohusika na ugonjwa huo, NEK1. Aliyejimwagia maji akaambiwa maji yake yamefika wapi.

Kwetu huku kwenye vikundi vidogo, hapo ndipo tunapolala. Nimo kwenye kundi moja ambalo miaka michache iliyopita lilichangia matibabu ya mtu. Pesa nyingi zilipita mle. Mgonjwa alifariki, Mungu amrehemu, na mpaka leo hakuna aliyesema kiasi gani kilitumika hospitali, kiasi gani kilibaki, na kilichobaki kimekwenda wapi. Siamini kwamba pesa ililiwa. Naamini watu walilemewa na msiba wakaona aibu kuzungumza mahesabu. Lakini mwaka uliofuata, ndani ya kundi lile lile, mama mmoja aliomba msaada wa mwanawe mwenye tatizo la moyo, na wale wale waliotoa elfu 50 wakatoa elfu 2, wengine wakatoka kwenye kundi usiku kucha. Yule mama alilipia kimya cha watu wengine.

Na hapa nataka nikae kidogo kwenye suala la picha, kwa sababu linanichoma.

Tulipoanza kuchangia madawati, posti ya kwanza haikusogeza watu. Mmoja wetu akasema, weka picha ya mtoto amekaa chini, vumbi lionekane. Nilikwenda shuleni nikampiga picha msichana wa darasa la pili akiandika kwa kulalia tumbo, sketi imechanika pembeni. Pesa ziliingia kuliko siku yoyote. Siku ya tatu mama yake akanipigia. Hakufoka. Aliniambia, "Mama, mwanangu wanamwita ombaomba huko shuleni. Ile sketi ilichanika asubuhi ile ile akipita kwenye uzio. Mngenifahamisha ningemvalisha nyingine." Niliifuta picha ndani ya dakika ile, lakini ilikuwa imeshasambazwa kwenye makundi ambayo mimi simo.

Mwaka 2012 shirika moja la Marekani lilitoa video kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi waliopigana vita kaskazini mwa Uganda, ikatazamwa mara milioni 100 kwa siku 6. Katikati ya Machi mwaka huo, video ikaonyeshwa uwanjani Lira, huko huko kaskazini mwa Uganda, mbele ya watu walioteswa na vita hivyo wenyewe. Waliikasirikia, wakaanza kurusha mawe, onyesho likavunjika. Kisa chao kilikuwa kimezunguka dunia nzima kabla wao hawajaonyeshwa. Nilipomsikiliza yule mama kwenye simu nilijikuta niko upande wa waliopigwa mawe.

Kwa hiyo kipimo changu sasa ni hiki: posti ikifika kwenye simu ya mzazi wa mtoto, au ya mgonjwa mwenyewe, anaweza kuisoma mbele za watu bila kuinamisha uso? Sheria nazo zimeanza kuuma. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na katika uamuzi wa siku zile zile sehemu moja ya starehe ikatozwa 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Wafanyabiashara wenzangu mnaopenda kuposti wateja dukani, hilo la pili linawahusu. Ila hata kusingekuwa na faini, yule msichana angebaki na jina alilopewa.

Jambo dogo kabla sijamaliza. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa saa kama 6 dunia nzima, na Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti hapa Tanzania ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Nina daftari la karatasi lenye majina na namba za wateja, na jingine la wachangiaji. Siku hizo niliwapigia wateja simu, na mzigo ulikwenda. Aliye na wafuasi elfu 20 bila namba ya simu ya hata mmoja wao ajiulize siku hiyo angempigia nani.

Sasa hivi tunachangia tangi la maji la lita 5,000 kwa ajili ya shule ile ile. Safari hii tumekubaliana mambo kabla ya kuomba shilingi. Kila aliyetoa anaandikwa siku hiyo hiyo, na asiyetaka jina lake lionekane anaandikwa "ndugu". Makato ya kutoa pesa yanaandikwa kwenye mstari wake. Picha ni za vitu: msingi wa matofali, koki, mikono ya fundi ikifunga bomba. Nilipokwenda kumwomba mwalimu mkuu ruhusa, nilimfuata pia yule mama nyumbani kwake, nikamweleza tunachofanya. Ametoa shilingi 2,000, na akasema aandikwe kwa jina lake kamili.

Tangi linapelekwa Jumamosi. Risiti ya duka la vifaa iko kwenye bahasha, ya usafiri nitaidai kwa dereva wa kirikuu papo hapo, maana wakishaondoka hawapatikani. Bando nimeshanunua. Nimemwambia fundi asifungue koki mpaka nifike, na yule kijana wa elfu tano nimemwahidi kwamba maji yakianza kutoka, video ataiona yeye kabla hatujaondoka shuleni.